Kuvaa uhusika kwenye roleplei: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kutumia mbinu za waigizaji kumuunda mhusika

Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza kila nikikaa mezani na kundi jipya la roleplei, yaani gemu ambayo kila mchezaji anamcheza mhusika wake, mwendesha mchezo anasimulia yanayowazunguka, na dadu linaamua kama jambo limefaulu. Nimeona bora niyaweke pamoja. Majibu mengine marefu, mengine mafupi, inategemea swali lenyewe lina nyama kiasi gani.

Mimi sio mwigizaji, hata kuongea mbele za watu naogopa. Haya mambo yananihusu kweli?

Yanakuhusu sana, pengine kuliko yule anayependa kubadili sauti. Watu wakisikia "mbinu za uigizaji" wanawaza kutoa machozi, kupayuka, kusimama juu ya kiti. Hivyo ni vya mwisho kabisa. Kazi kubwa ya mwigizaji inafanyika kabla hajafungua mdomo, anakaa na skripti anajiuliza huyu mtu katoka wapi saa hii, anataka nini, nani anamzuia. Hiyo kazi unaweza kuifanya umekaa kimya, na hata kama unacheza kwa kusema "mhusika wangu anamwambia mlinzi kwamba..." bila kuigiza neno hata moja bado itaonekana. Nshacheza na mtu aliyeongea kwa nafsi ya tatu mwanzo mwisho, na mhusika wake ndo ninayemkumbuka mpaka leo, manake kila alichofanya ulikuwa unajua kabisa anatafuta nini.

Tofauti ya kweli iko hapa: mwigizaji wa jukwaani anapewa maneno na anajua hadithi inaishaje, wewe hupewi na hujui. Kwa hiyo mbinu zingine unazichukua zilivyo, zingine lazima uzipinde kidogo.

Nimeandika kurasa 6 za historia ya mhusika wangu lakini nikifika mezani sijui afanye nini. Tatizo nini?

Tatizo ni kwamba kurasa zote 6 zinaongelea jana, na mchezo unachezwa leo.

Konstantin Stanislavski, yule Mrusi aliyeanzisha ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898 pamoja na Nemirovich-Danchenko, alikuwa anawafundisha waigizaji wake kitu unachoweza kukiita hali alizopewa mhusika. Yaani kila kitu ambacho hadithi imeshakiamua kabla hujaingia: ni wakati gani, ni wapi, nimetoka wapi, nina njaa au nimeshiba, huyu mbele yangu ni nani kwangu. Ukiangalia vizuri zile hali hazipo ili uzikariri kama shairi, zipo ili zikusukume. Baadaye Uta Hagen, mwigizaji na mwalimu wa New York, akazipanga kama maswali 9 ambayo mwigizaji anajiuliza kabla ya onyesho, yanaanza na mimi ni nani, yanapita kwenye saa ngapi, wapi, nimezungukwa na nini, nina uhusiano gani na hawa watu, alafu yanaishia pale penye uzito: nataka nini, nini kimenizuia, nafanya nini ili nikipate.

Mimi napima hivi. Chukua kila mstari wa ile historia yako ujiulize, huu mstari unabadilisha nini anachofanya leo mezani? Kama haubadilishi kitu futa, au uweke pembeni. Nilikuwa na mhusika anaitwa Rasi, nahodha mzee aliyezamisha meli yake na watu wakafa. Mwanzoni nilimwandikia mambo mengi, baba yake, bandari alizopita, vita gani alipigana, na kikao cha kwanza nilikaa kama gogo. Nikafuta yote nikabakiza moja, kwamba tangu siku ile hakuna mtu aliyemwamini na kitu chochote cha thamani. Kikao cha pili nikajikuta namfanya aombe kubeba mizigo ya wenzake. Kila mtu. "Lete nikubebee." Hakuna aliyejua kwanini, ila kila mtu alianza kumjua Rasi kuanzia hapo.

Mhusika wangu anataka kulipiza kisasi kwa mfalme aliyeua familia yake. Si ndo lengo hilo?

Ni lengo, ila liko mbali mno, na hapa ndo wengi tunapokwama kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Fikiria: mfalme yupo safari ya miezi mitatu. Leo mhusika wako yuko kwenye baa ya njiani anaongea na mwenye baa. Kisasi kitamsaidia nini hapo? Hakuna. Ndo maana unabaki unakunja uso kwenye kona kila kikao na unaita hiyo tabia. Waigizaji wanatenganisha vitu viwili. Kuna lengo kuu, lile linalombeba mhusika kuanzia mwanzo hadi mwisho wa hadithi nzima, na kuna lengo la onyesho, kitu kidogo anachokitaka sasa hivi toka kwa mtu aliyeko mbele yake sasa hivi. Lile dogo linatoka tumboni mwa lile kubwa. Mwenye baa ameona wanajeshi wa mfalme wakipita? Basi unataka akwambie walielekea wapi bila kujua kwamba wewe unawawinda. Sasa una kazi ya kufanya.

Lengo zuri la onyesho lina dalili mbili. Kwanza linapatikana toka kwa mtu, sio kutoka hewani. Pili unaweza kujua umelipata au umelikosa. "Nataka kuwa na amani" huwezi kujua umeipata saa ngapi. "Nataka dada yangu aniangalie machoni" hilo utalijua sekunde hiyohiyo.

Alafu kuna namna ya kulifikia, na hapo sisi tumebarikiwa kwa kweli manake Kiswahili kimejaa vitenzi vya watu kufanyiana mambo. Kumbembeleza, kumsuta, kumchokonoa, kumvimbia, kumlainisha, kumzuga, kumpima, kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kila kimoja ni namna tofauti ya kukaa, ya kuongea, ya kuangalia. Huwezi kucheza "huzuni", jaribu uone, utainamisha kichwa tu na kuongea taratibu na baada ya dakika mbili umeishiwa. Lakini ukisema namsuta huyu mtu hadi aone haya, huzuni yenyewe itakuja kama ipo, na kama haipo hamna aliyeikosa. Kabla ya kikao mimi huandika vitenzi vitatu pembeni ya karatasi ya mhusika, vile anavyovipenda yeye. Rasi alikuwa na kuomba, kuhudumia na kukwepa, na chini nikaandika kimoja ambacho hajawahi kuthubutu, kuamuru. Kile cha mwisho ndo kilikuja kuwa hadithi yake.

Kwenye karatasi wameniambia niandike dosari. Nimeandika "mlevi". Iko sawa?

Toleo la tano la gemu maarufu ya roleplei, Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, ndo lililozoesha watu wengi kuandika sifa za tabia, maadili anayoyashika, vitu vinavyomfunga, na dosari. Ni kianzio kizuri tu, shida ni watu wanaijaza ile sehemu kama wanajaza fomu.

Dosari inafanya kazi pale inaposimama katikati ya mhusika na kitu anachokitaka. Mlevi ambaye hataki chochote ambacho pombe inaweza kumharibia ana pambo tu. Mlevi ambaye anataka arudishiwe mtoto wake, huyo ana kikwazo, tena cha ndani, ambacho ni kizuri kuliko vya nje manake vya nje mwendesha mchezo atakuletea vya kutosha bila wewe kuomba. Kwa hiyo ukishajua lengo lako kuu jiulize ni tabia gani yake mwenyewe itamkosesha, andika hiyo.

Haiba yangu ni 8. Mimi mwenyewe muongeaji. Nafanyaje?

Haiba ni ile namba ya kwenye karatasi inayosema mhusika ana mvuto kiasi gani kwa watu. Kwenye gemu ambazo 10 ndo mtu wa kawaida, 8 ni chini kidogo tu, wala sio zezeta, kwa hiyo usimfanye kichekesho. Igeuze namba iwe tabia moja inayoonekana. Labda anajibu watu kabla hawajamaliza sentensi. Labda anasema ukweli dakika moja mapema kuliko inavyotakiwa. Labda anashukuru kwa namna ambayo inasikika kama anadai. Hivyo unaongea vizuri kabisa wewe kama mchezaji na bado kila mtu anaelewa kwanini huyu mtu milango inamfungia.

Na dadu je? Napanga onyesho zuri, afu natupa dadu linaanguka vibaya, uhusika wote unakufa.

Mimi naliona dadu kama mwigizaji mwenzangu ambaye hana mpango wa kunibeba. Mwigizaji akibembeleza na mwenzake akagoma, habaki amesimama, anabadili kitenzi. Alikuwa anabembeleza, sasa anatisha, au anatania, au anatoka nje akapoze. Kwa hiyo dadu likikataa usiseme "nimeshindwa" ukanyamaza, jiulize huyu mtu akinyimwa huwa anafanya nini? Hilo ni moja ya maswali yanayomfunua mhusika haraka kuliko yote na gemu inakuletea bure kila baada ya dakika kumi.

Ni lazima nibadilishe sauti?

Hapana. Sauti ya kuigiza inachosha na mara nyingi baada ya nusu saa umeshaipoteza. Anza na mwili, hata kama umekaa.

Rudolf Laban, aliyekuwa mtu wa dansi, alichambua mwendo wa binadamu kwa kuuliza mambo kama haya: ni mzito au mwepesi, wa ghafla au wa kuvuta muda, umenyooka au unapindapinda. Ukichanganya hayo matatu unapata aina 8 za mwendo, kupiga, kubonyeza, kukamua, kufyeka, kudonoa, kupangusa, kuteleza, kuelea. Waigizaji wanazitumia hadi leo. Chagua moja kwa mhusika wako na uiache iingie hadi kwenye namna anavyokata maneno. Mtu wa kudonoa anaongea vifupivifupi, anaangalia huku, anaangalia kule. Mtu wa kubonyeza anakuja taratibu na hakuachii.

Michael Chekhov naye, mwanafunzi wa Stanislavski, alikuwa anawaambia waigizaji wawaze mhusika ana kitovu chake wapi mwilini, yaani ule mwendo wote unaanzia wapi. Kifuani? Kwenye pua? Magotini? Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa, wazia kila kitu kinaanzia kidevuni, uone unavyoanza kuwaangalia watu. Dakika moja tu na umeshapata mtu mwingine, bila sauti ya ajabu, bila lafudhi ya kumuudhi yeyote.

Nacheza kwa kuandika tu, hakuna mwili wala sauti. Hizi mbinu bado zinafaa?

Vitenzi ndo vinafaa zaidi huko. Kwenye maandishi kishawishi kikubwa ni kuandika anachohisi mhusika aya nzima, na mwenzako hana la kukamata. Mpe kitendo kinachomgusa mhusika wake, kitu cha kujibu. "Anakisogeza kikombe karibu na mkono wako bila kukuangalia" inabeba kuliko mistari kumi ya majuto.

Kila nikiongea naona napanga cha kusema wakati wenzangu wanaongea. Nifanyeje?

Hili ni gonjwa la waigizaji pia. Sanford Meisner, aliyefundisha New York kwa miaka mingi, alikuwa na zoezi ambalo ukiliona mara ya kwanza unaona kama upuuzi: watu wawili wanatazamana, mmoja anasema kitu anachokiona kwa mwenzake, "umevaa shati la bluu", mwenzake anarudia, "nimevaa shati la bluu", wanaendelea kurudiana hivyohivyo hadi maneno yanakosa maana na kinachobaki ni namna mwenzako anavyoyasema, amekasirika, anacheka, ameona aibu. Unajifunza kumjibu mtu, sio kujibu maneno.

Mezani fanya hivi. Kabla mhusika wako hajajibu, angalia kwanza kitu kimoja ambacho mchezaji mwenzako amekifanya, alisita, aliinua sauti, alimtaja mtu fulani kwa jina, afu mhusika wako aguswe na hicho. Basi. Ule mpango wako uliouandaa uache, kama ni mzuri utapata nafasi. Nakwambia kwa uhakika, maonyesho mazuri niliyowahi kuyaona kwenye kampeni, yaani hadithi moja inayochezwa vikao vingi, hayakuwa yamepangwa na mtu, yalitokea kwa sababu mtu mmoja alimsikia mwenzake vizuri.

Kundi letu wahusika wote ni majabali, hakuna anayekubali kushindwa kwenye maongezi. Inaboa.

Hapa tafuteni kazi ya Keith Johnstone, mwalimu wa uigizaji bila skripti, kuhusu hadhi. Alipokuwa anafundisha kwenye ukumbi wa Royal Court, London, aligundua kwamba maonyesho ya waigizaji yanakuwa hai wakianza kujishusha au kujipandisha kidogo tu kuliko mwenzao. Na hadhi anayoiongelea yeye sio cheo, ni kitu unachokifanya. Mfalme anaweza kujishusha mbele ya mpishi wake, na ombaomba anaweza kumtawala jaji. Anayejipandisha anatuliza kichwa, haharakishi, anakaa kwa kujiachia. Anayejishusha anajigusa uso, anaanza sentensi anaiacha, anacheka kabla ya wakati.

Unapounda mhusika amua nani anampandisha na nani anamshusha. Jabali lako ni jabali mbele ya maadui, sawa, ila kuna mtu mmoja kwenye kundi akikohoa tu, jabali linakuwa mtoto. Nani? Kubalianeni kabla. Meza nzima inapata uhai manake sasa kuna mteremko na maji yanatiririka.

Nasikia waigizaji wakubwa wanatumia machungu yao ya kweli. Nitumie yangu?

Kwa kundi la marafiki wanaokutana kucheza, mimi nasema hapana, na nina sababu.

Lee Strasberg, aliyeongoza mafunzo ya Actors Studio, kituo cha waigizaji cha New York, kuanzia miaka ya 1950 mwanzoni, alisisitiza sana mwigizaji kurudi kwenye kumbukumbu zake mwenyewe na kuziamsha zile hisia. Stella Adler, mwigizaji na mwalimu mwenzake, hakukubaliana naye kabisa, na ubishi wao ulianza zamani kabla ya hapo. Mwaka 1934 alienda Paris akafanya kazi na Stanislavski mwenyewe kwa wiki kadhaa, akarudi Marekani akiwaambia wenzake kwamba mkazo uwe kwenye hali za mhusika na nguvu ya kuwaza, sio kuchimba vidonda vyako. Huo ubishi haujaisha hadi leo, ila kwetu sisi jibu liko wazi. Mwigizaji ana mazoezi, ana mwongozaji, anajua onyesho linakwisha saa ngapi. Wewe una rafiki zako na hujui mwendesha mchezo ataleta nini baada ya dakika tano. Ukileta msiba wako mezani na mtu akautania kwa sababu kwake ni hadithi, mtaumizana na hakuna mwenye kosa.

Tumia ile "kama" ya Stanislavski. Usijiulize "mimi nilijisikiaje baba alipofariki", jiulize "kama ningekuwa nahodha na nimesikia zile kelele kwenye maji, ningefanya nini asubuhi iliyofuata?" Unaingia kwa miguu yako lakini kwenye nyumba ya mtu mwingine. Hata hivyo hisia huwa zinavuja, watu wa gemu wamelizoea hilo hasa wale wa kucheza kwa mwili mzima, hasira ya mhusika inakufuata nyumbani, au ugomvi wako wa asubuhi unaingia kwa mhusika. Kwa hiyo semeni mapema mambo gani hayaguswi, na muwe na ishara ya kusimamisha mchezo ambayo mtu akiitoa haulizwi kwanini. Makundi mengi yanaweka kadi yenye alama ya X katikati ya meza, unaigusa, mnaruka hapo.

Mwenzetu anaiba mali za kundi kila kikao, akiulizwa anasema "ndivyo mhusika wangu angefanya". Anakosea?

Anakosea, na uigizaji wenyewe unamkana. Mhusika hajajiumba. Mwigizaji mzuri akigundua chaguo lake linaua onyesho la mwenzake anatafuta chaguo lingine ambalo ni la kweli vilevile kwa mhusika huyohuyo, na mara zote lipo. Mwizi anaweza kuiba na kurudisha usiku kwa siri, anaweza kuiba kwa ajili ya kundi, anaweza kutaka kuiba mkono ukagoma na hajui kwanini. Zote ni mwizi yuleyule. Swali la kumuuliza ni mhusika wako anataka nini toka kwa wenzake hawa? Kama hataki chochote basi kakosea pale kwenye kumuunda, arudi kwenye karatasi.

Mimi ndo mwendesha mchezo, nina wahusika ishirini kwa usiku mmoja. Siwezi kufanya haya yote.

Usifanye. Lengo moja na mwendo mmoja kwa kila mtu, imetosha. Waigizaji wa commedia dell'arte, vichekesho vya vinyago huko Italia, waliishi kwa hili karne na karne, ukimwona Pantalone, yule mzee bahili, amepinda mgongo ameshika mfuko wake wa hela umeshajua kila kitu. Muuza samaki anataka uondoke haraka na anaongea huku akifuta mikono. Tayari huyo.

Kampeni imeisha na siwezi kumwacha mhusika wangu. Namvua vipi?

Waigizaji wana desturi ya kuvua uhusika, wengine wanafuta vipodozi taratibu, wengine wananawa uso, wengine wanajiita jina lao kwa sauti. Fanyeni kitu kama hicho pamoja. Zungukeni meza, kila mtu amseme mhusika wake kwa "yeye", alikuwa hivi, aliwahi kufanya vile, nini nakichukua kwake na nini namwachia. Kama ulikuwa na kitu ulichokuwa unashika ukimcheza, kiweke chini mbele ya wenzako.

Rasi nilikuwa namcheza nikiwa na kipande cha kamba mkononi, nafunga fundo nafungua. Kikao cha mwisho kundi limeamua kuvuka bahari na hakuna nahodha, kimya kimetanda, afu yule dada aliyekuwa anacheza mwanajeshi, ambaye miezi yote hakuwahi kukubali kubebewa mzigo, akamsukumia Rasi begi lake bila kusema neno. Nikasimama nikawaamuru wote wapande meli. Ile kamba niliiacha pale mezani, mpaka mwezi mzima ukapita ndo nikaanza kumwandika mhusika mwingine.